Kompyuta Arobaini za Siku ya Saraswati

Wanawake wa kijiji cha Kantaberia walikuwa na rupia laki moja na elfu ishirini za kuwanunulia watoto wao kompyuta, na mtu wa kwanza wa mjini kuipata habari hiyo alikuwa tapeli.

Aliipata bila kutoka jasho. Pinaki Sarkhel alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai kando ya stendi ya mabasi, akipumzika baada ya wiki nzima ya kuwauzia wenye vipara mafuta ya kuotesha nywele. Meza ya pili alikaa mtu mwenye tumbo, akimlalamikia muuza chai.

"Miaka mitatu wanashona sahani za majani," alisema mwenye tumbo. "Kila wakiuza wanaweka akiba. Sasa hawaniachi nipumue. Mwenyekiti, tutafutie kompyuta! Mwenyekiti, watoto wetu wameziona kwenye mabango ya uchaguzi tu! Mimi nizitoe wapi, tumboni?"

Pinaki aliliangalia lile tumbo, akaona kwamba zingeenea. Akahamisha glasi yake.

"Mwenyekiti wangu," alisema, "nimezunguka wilaya hii siku tisa nikitafuta kijiji chenye kiongozi. Nilikuwa nimekata tamaa, nirudi zangu Kolkata."

Kabla chai haijapoa, Gadadhar Mahanti, mwenyekiti wa Kantaberia, alikuwa ameshajua kwamba anazungumza na mkurugenzi wa mradi wa kompyuta za bei nafuu kwa shule za vijijini, kwamba kompyuta moja ni rupia elfu tatu, na kwamba mradi huwakumbuka viongozi wanaoulea. Mradi ulimkumbuka hapo hapo, elfu tano taslimu, ukaahidi kumkumbuka tena. Gadadhar alizikunja noti bila kuziangalia. Mtu aliyezoea haangalii.

Wiki iliyofuata Pinaki alifika kijijini amevaa koti jeusi lenye kalamu tatu mfukoni, na saa ya rangi ya dhahabu. Mkononi alikuwa na kompyuta nzima, inayowaka, aliyoinunua kwa elfu tisa. Kijiji kizima kilijaa uani mwa shule. Aliifungua. Chui akatokea akitembea, halafu jedwali la kuzidisha kwa saba, halafu ramani ya dunia ikizunguka. Mwalimu mkuu, Bhabatosh Hazra, aliyekuwa amefundisha miaka ishirini kwa ramani iliyoliwa na mchwa, alifuta machozi kwa ncha ya shali.

"Elfu tatu tu?" aliuliza. "Inawezekanaje, Bwana Mkurugenzi?"

"Tumeondoa vitu visivyo na maana ndani yake, Mwalimu."

"Vitu gani?"

"Faida."

Watu wakapiga makofi. Gadadhar alipiga zaidi ya wote.

Ambaye hakupiga ni Shangazi Khanto, mjane wa miaka hamsini na minane, mweka hazina wa wanawake. Hajui kusoma. Miaka thelathini amekuwa akiokota majani ya mti wa sal msituni kabla ya tembo kuamka, akiyashona kwa vijiti vya mianzi yawe sahani, akiyafunga mia mia. Tena tuseme ukweli: sahani nzuri huziweka juu ya furushi, zenye matundu huzificha chini. Wote hufanya hivyo. Ndiyo maana wanunuzi wa mjini hawaishiki ya juu kamwe, huvuta ya katikati.

"Baba," alimwambia Pinaki, "hiyo uliyoleta ni ya juu. Ya katikati iko wapi?"

"Shangazi yangu, zote zimetoka tumbo moja. Siku ya mzigo utavuta yoyote utakayo."

"Basi hii ibaki. Kwenye biashara yetu sampuli hulala kwa mnunuzi mpaka mzigo ufike."

Pinaki alihisi kama mtu aliyeombwa figo. Lakini laki moja na elfu ishirini ni figo nyingi. Akatabasamu, akaiacha.

"Mzigo nitauleta siku ya Saraswati," alisema. "Chombo cha elimu kifike nyumbani kwa mungu wa elimu siku yake mwenyewe. Na pesa mtanipa siku hiyo hiyo, zipate baraka."

Mwalimu Hazra alisema hajawahi kusikia jambo zuri kama hilo. Shangazi Khanto aliibeba kompyuta kifuani kama kuku wa kununua, akaenda nayo nyumbani.

Sasa, Bengali nzima inajua ilivyo siku hiyo. Watoto huvaa manjano, hula kunazi za kwanza za mwaka, na vitabu, kalamu na madaftari yote huwekwa miguuni pa Saraswati. Kitu kikishawekwa hapo, hakifunguliwi hadi kesho yake. Hata mtoto mvivu kuliko wote huwa mcha Mungu siku hiyo. Pinaki naye alikuwa mtoto wa Kibengali, tena mvivu, na hakuisahau.

Huko Kolkata alinunua makasha arobaini ya plastiki yenye umbo la kompyuta, matupu ndani, yale yanayowekwa kwenye meza za maduka ya samani ili meza ionekane ya mtu msomi. Kila moja rupia mia na hamsini. Ndani alitia kigae cha sakafu, kimoja kimoja, ili liwe na uzito wa heshima. Akakodi gari dogo la mizigo na dereva wake, Nimai, kwa elfu tatu na mia tano, malipo jioni.

Siku yenyewe alishuka na shada la maua ya manjano shingoni alilojinunulia njiani. Makasha yalipangwa mbele ya sanamu, mafurushi manne ya kumi kumi, kila kasha na doa jekundu la baraka kwenye paji. Yalipendeza. Mtoto mmoja alinyoosha kidole kugusa.

"Usiguse!" Pinaki alinguruma, kisha akalainisha sauti, akaugeukia umati. "Ndugu zangu, mimi nimesomea mjini, lakini sikuacha mila. Mkono unaofungua chombo cha elimu leo unafukuza elimu nyumbani vizazi saba. Leo tunaabudu. Kesho, sanamu ikishapelekwa kuzamishwa bwawani, fungueni mpaka mchoke!"

"Na ile ya katikati niliyoahidiwa?" aliuliza Shangazi Khanto.

"Kesho, Shangazi. Au unataka wajukuu zako wawe mbumbumbu kwa ajili ya saa ishirini na nne?"

Watu walimzomea Shangazi Khanto. Gadadhar alimwambia aache kuwaaibisha mbele ya mgeni. Mama huyo akainamisha kichwa.

"Umenifundisha, baba," alisema. "Nisamehe."

Akaleta kopo la biskuti, lile kubwa lenye picha ya tausi, akalifunua mbele ya kila mtu. Ndani mlikuwa na mabunda kumi na mawili yaliyopangwa wima kama vitabu, yamebanwa hayana nafasi, kila bunda na uzi wake, kila moja na noti ya mia imetazama nje. Pinaki aliyaona. Akanyoosha mkono, na hapo hapo Shangazi Khanto akafunika, akalifunga kopo kwa uzi mwekundu, mafundo saba, akaliweka miguuni pa Saraswati. Kuhani akapuliza kombe la baharini kama baragumu. Imekwisha: nalo sasa halifunguliwi hadi kesho.

"Shangazi," Pinaki alisema kwa upole, "si tungehesabu kwanza?"

"Kuhesabu si elimu?"

"Ni elimu, lakini..."

"Hizi pesa tumezihesabu miaka mitatu kwa vidole, baba. Leo zinaabudu. Kwa kuwa una safari, chukua kopo, lakini uzi ukate kesho. Au unataka wajukuu zako wawe mbumbumbu?"

Umati ukamwangalia mkurugenzi. Watu mia tatu, wote wamevaa manjano. Alikuwa ametoka kuwahubiria, na mahubiri yalikuwa mazuri. Akaliinamia kopo, akaliinua. Zito. Akala wali na dengu za sherehe kwa haraka, akasifia, akaondoka na kopo mapajani.

Alilivumilia kilomita kumi na nane. Kwenye kituo cha mafuta, Nimai alipoenda kunywa maji, Pinaki akavisahau vizazi saba, akakata uzi kwa meno.

Noti ya kwanza ilikuwa halali. Ya pili ilikuwa jani. Jani la sal, limekatwa kwa mkasi sawasawa na noti, na la tatu vile vile, na la tisini na tisa. Mabunda kumi na mawili yalikuwa yameshonwa kwa vijiti vya mianzi, kazi safi ya mikono iliyozoea, nzuri juu na majani chini. Chini ya mabunda, katikati ya kopo, kulikuwa na jiwe la kusagia viungo, la uzito wa heshima.

"Bosi," alisema Nimai akirudi, "mbona unatafuna uzi?"

Kurudi kijijini hakuwezekani. Angedai nini? Na je, makasha yangefunguliwa huku yeye amesimama hapo?

Kesho yake asubuhi, sanamu ilipokwisha kwenda bwawani, Mwalimu Hazra alifungua kasha la kwanza, akakuta kigae. La pili, kigae. Kufikia la tano alikuwa amekaa chini, analia.

"Futa uso, Mwalimu," alisema Shangazi Khanto. "Pesa ziko kwenye pipa langu la mchele."

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilishuku. Mwuzaji anayechagua mwenyewe siku ambayo mzigo haufunguliwi, mimi pia nimewahi kuwa mwuzaji wa namna hiyo."

"Na kama zingekuwa kompyuta kweli? Si tungekuwa tumemwibia mtu mwema?"

"Mtu mwema angerudi leo asubuhi na kopo langu anafoka. Ningemwomba radhi, ningempa chai na pesa zake zote. Nimekaa hapa barabarani tangu alfajiri namsubiri. Umemwona?"

Kisha akamgeukia mwenyekiti, mbele ya watu. "Gadadhar, mdogo wangu, huyu mgeni ulimleta wewe. Hakukuachia chochote cha kusaidia shule?"

Gadadhar aligundua kwamba ameachiwa. Kama elfu tano hivi. Zilinunua paneli ya jua.

Wanawake walikwenda wenyewe dukani mjini na zile zilizobaki, laki moja, elfu kumi na nane na mia nane. Kompyuta nzima, ya bei ya chini kuliko zote, ilikuwa elfu kumi na mia nane. Walipata kumi na moja, na Shangazi Khanto alivuta zote kutoka katikati ya ghala huku mwenye duka akishika kichwa. Pamoja na sampuli, kumi na mbili, kwa watoto mia moja na arobaini na nne. Hukaa kumi na wawili kwenye kila mashine, na wa mwisho husubiri sana.

Pinaki Sarkhel ilimgharimu hivi: makasha, elfu sita. Vigae, elfu moja, ambavyo sasa ni sakafu ya jiko la shule. Kompyuta ya sampuli, elfu tisa. Mwenyekiti, elfu tano. Gari, noti zote kumi na mbili za juu, na kwa deni lililobaki Nimai alichukua koti, saa, na kalamu tatu.

Kantaberia nayo iligharimika rupia elfu moja na mia mbili, uzi mwekundu wa urefu wa mkono, jiwe moja la kusagia, na kopo la biskuti lenye tausi, ambalo Shangazi Khanto alipewa siku ya harusi yake.