Kiberiti cha Mwenyekiti

Jamani, leo nimeaibika, na walioshuhudia ni wengi kuliko waliokuja kwenye harusi yangu.

Mnajua mimi ni mwalimu wa historia hapa Kasulu. Mnajua pia (maana nimewaambia mara ishirini) kwamba ni mwenyekiti wa kamati ya kulinda makaburi ya watemi kule kilimani, pamoja na ile nyumba ya nyasi inayotunza ngoma zao. Ni mimi niliyesimamisha bango: MARUFUKU KUWASHA MOTO. Chini yake jina langu, kwa herufi kubwa kuliko za marufuku yenyewe.

Basi saa nne nafundisha kidato cha tatu. Natupa jicho dirishani. Moshi! Kilimani kwangu!

"Kalamu chini! Vunjeni matawi mabichi, twende!"

Njiani nikampigia simu afisa wa halmashauri alete boza la maji. "Na polisi waje. Aliyewasha nitawakabidhi mwenyewe." (Sauti nzito kabisa. Nilijipenda.)

Tukaukuta moto mdogo unatambaa kwenye nyasi kuzunguka makaburi. Tukaupiga matawi. Dakika kumi, kwisha! Wanafunzi wakanishangilia, nami nikafuta jasho kishujaa.

Ndipo akatokea Mzee Bukuru, mlinzi wa makaburi, jembe begani. Nikampigia makofi kwa adabu, kama wanavyosalimiana huku. "Mwidiwe, mzee. Tumeuokoa urithi wenu."

Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyekula mbegu.

"Mwalimu, umezima moto wangu."

"Moto wako?"

"Wa kinga. Kila kiangazi tunachoma ukanda kuzunguka hapa, ili moto mkubwa ukija ukose chakula. Babu alichoma, baba alichoma. Wewe umekuja na darasa." Akanyoosha kidole bondeni. "Na mkubwa ndio ule."

Nikageuka. Kuna mtu alikuwa anasafisha shamba upande wa Makere, moto ukamshinda, na sasa ulikuwa unapanda kilima, upepo ukiusukuma. Upande wote wa bondeni ulikuwa bado nyasi kavu, kwa sababu yangu, na nyuma yake zile ngoma.

"Uwashe basi, mzee!"

"Ehe! Kwetu aliyeuzima ndiye anayeuwasha." Akanipa kiberiti.

Mnadhani nilibishana? Nikapiga magoti. Njiti ya kwanza ikazimika. Ya pili ikazimika. Ya tatu ikashika, nikapuliza hadi mashavu yakauma.

"Puliza, mwalimu, puliza!" wanafunzi wakaimba (wasaliti wale wale).

Hapo ndipo boza likafika. Akashuka afisa. Wakashuka polisi wawili. Wakanikuta nimepiga magoti chini ya bango langu, kiberiti mkononi, nyusi zimeungua, nachoma nyasi za watemi.

Polisi mmoja akasoma bango polepole. "Mwenye jina hili yuko wapi? Alisema atatukabidhi mtuhumiwa."

"Ndiye huyo," akasema Mzee Bukuru. "Amejikabidhi."

Moto mkubwa ulifika kwenye ukanda mweusi, ukakosa pa kwenda, ukafa. Nyumba ipo. Ngoma zipo. Nilifurahi mpaka nikalia kidogo (ni moshi).

Mzee amenisamehe, kwa sharti kwamba mwakani nichome mimi. Bango nalo linabaki. Ila wanafunzi wameshaongeza kwa mkaa, chini ya jina langu: ISIPOKUWA YEYE.