Herufi M Haiwaki

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimepata taa za namba! Nne nimezing'oa kwenye saa ya mezani ya mke wangu Emilia, nne kwenye king'amuzi kibovu cha jirani, Ulimboka. Nilimwambia nakwenda kukitengeneza. Sikumwambia kitakuwa nini. Moja nimeiunguza kwa chuma cha kulehemu. Zimebaki saba. Zinatosha.

Mpango ni huu. Tarehe 21 tunatimiza miaka thelathini ya ndoa. Mwaka jana nilisahau kabisa, kesho yake nikamletea ndoo. Nzuri, ina mfuniko, lakini ndoo. Safari hii nitamwashia jina lake kwenye kompyuta niliyoiunda kwa mikono yangu, hapa hapa mtaani kwetu Area D, kwa prosesa ya Z80 ya mwaka 1983. Ina miguu arobaini na inameza biti nane tu kwa mpigo. Vijana wa leo watacheka. Wacheke.

Emilia kauliza saa yake iko wapi. Nikasema iko kwa fundi. Akanikumbusha kwamba fundi ni mimi.

Jumatano, 11 Juni

Upepo, baridi, vumbi hadi kwenye chai. Nimeingiza programu kwa swichi nane: juu ni moja, chini ni sifuri. Saa mbili nzima nimeinama. Umeme ukakatika, kompyuta ikasahau kila kitu. Nimeanza upya kwa betri ya pikipiki.

Ulimboka kapita. Yeye ana televisheni pana kama mlango, kainunua dukani, hajui hata waya wake mwekundu ni upi. Kaniuliza kama yangu inaonyesha mpira. Nikaendelea na swichi zangu.

Emilia kakosa sala ya alfajiri kwa kukosa saa. Jioni kafungua kabati, kachagua kitenge, kaenda kwaya kama kila Jumatano. Hakuniaga vizuri.

Ijumaa, 13 Juni

Balaa. Herufi M haiwaki!

Kila taa ina vijiti saba tu, vya kuandikia namba. E inakubali. A na L bila shida. N inakubali ikiwa ndogo. M haina pa kukaa. Nimeijaribu kwa kila namna, inatoka kama uzio uliogongwa na gari. Miaka thelathini nimeishi na Emilia na sikuwahi kuona kwamba jina lake lina kasoro.

Jumamosi, 14 Juni

Nilitaka kujaribu taa zote saba kwa mpigo. Jina la herufi saba, lisilo na M. Nikaipitia kwaya nzima kichwani. Violeth? V inatoka U. Paulina? P, A, U, L, I, N, A. Zote! Likawaka vizuri ajabu.

Ni kweli niliwahi kumchumbia Paulina, miaka miwili kabla sijamjua Emilia. Hilo halihusiani kabisa na umeme.

Nikakimbia kumwita Ulimboka aje aone. Tuliporudi, Emilia alikuwa amesimama mbele ya meza. PAULINA, kwa taa nyekundu, sebuleni kwake.

Ulimboka akakumbuka ghafla kwamba ameacha maji jikoni. Mimi nikaeleza habari za vijiti. Nilieleza vizuri, hata nikachora. Emilia alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wanafunzi wake wa darasa la kwanza. Kisha akauliza jambo moja.

"Kwani Ritha lina M?"

Ritha ni binti yetu. Herufi tano, zote zinawaka. Sikumfikiria.

Jumatatu, 16 Juni

Emilia kaenda Kondoa kwa dada yake Domitila. Shule zimefungwa, hakuna cha kumrudisha. Hakugomba. Afadhali angegomba. Kaniachia maharage ya siku mbili, kasema niangalie yasiungue.

Yameungua.

Jumanne, 17 Juni

Mpango mpya: mashine iniombee msamaha. SAMAHANI: M. MSAMAHA: M mbili. NAKUPENDA: K haiwaki. MKE WANGU: M, K, W, hata nisianze. Maneno yote matamu yamekataliwa na vijiti.

Lililoingia ni POLE. Nikalipiga picha, nikamtumia kwenye simu. Akajibu kwamba Kondoa hawana msiba, wala hakuna aliyelazwa.

Nyumba imepoa. Nimemkumbuka mno hata redio sijaiwasha.

Jumamosi, 21 Juni

Leo ndiyo siku yenyewe. Nikapanda basi la Kondoa, kompyuta ndani ya ile ndoo ya mwaka jana, mfuniko juu. Konda kauliza kama ni kuku.

Shemeji Domitila kapokea shikamoo yangu bila kunikaribisha kiti. Emilia akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Nikawasha jina la karibu nililoweza: EnILIA. Akalisoma. Akauliza huyu Enilia naye ni nani.

Nikaishiwa mipango. Nikasema ukweli tu: kwamba mashine haiwezi M, mimi siwezi nyumba bila yeye, na tangu nilipomjua sijataka jina jingine. Nililia kidogo. Vumbi nalo lilikuwepo.

Akavuta kiti. Akaikazia macho ile n ndogo. Akasema kuna jambo huwaambia watoto kila Januari.

"M ni n mbili zimeshikana mikono, Baba Ritha."

Nikahesabu kwa vidole. E, n, n, I, L, I, A. Saba! Na taa ni saba! Mimi nikasoma moja na sifuri, yeye akapiga swichi: juu, chini, chini, juu. Hakukosea hata moja. Likawaka. Tukakaa tukilitazama mpaka chai ikapoa, swichi zote zimejaa unga wake. Sitazifuta. Nampenda sana mwanamke huyu.

Kauliza saa yake itarudi lini.

Jumatano, 25 Juni

Emilia karudi nyumbani. Amani tupu.

Na Ulimboka kaja mwenyewe, mpole, kofia mkononi! Keshokutwa ni siku ya kuzaliwa ya mkewe, anaomba niwashe jina lake. Televisheni yake haiwezi, kasema kwa kinywa chake. Mkewe anaitwa Sabrina. Herufi saba, hakuna M hata moja! Ningekataaje?

Sikuona haja ya kumchosha Emilia kwa maelezo. Jina inabidi liwake kutwa nzima ili nipime betri, kwa hiyo nimeificha kompyuta kabatini, nyuma ya vitenge vyake. Pale ni salama kabisa. Kabati lile halifungui hovyo, ni siku ya kwaya tu.

Nasikia mlango wa kabati unalia. Leo ni siku gani?