Sayari Tano za Kaptebes

Wananchi wote wa Kaunti Ndogo ya Kaptebes walijulishwa, kwa tangazo lililogongwa mihuri miwili, kwamba sayari zao tano zi salama. Tangazo lilileta furaha kidogo na maswali mengi, maana hadi asubuhi hiyo hakuna aliyejua kwamba Kaptebes ina sayari hata moja.

Bwana Kimeli, Mkurugenzi wa Ulinzi wa Sayari, hakushangaa. Wananchi huwa wa mwisho kujua mali yao, na kwa maoni yake huo ulikuwa utaratibu wa busara.

Sayari zenyewe zilipatikana kihalali. Kimeli na maofisa wenzake sita walikwenda Nakuru kwa ziara ya mafunzo, na katika hema moja la maonyesho, muuza kompyuta akawaonyesha mchezo wa vita vya angani. Unapewa sayari, unaunda meli, unajikinga na wachezaji wengine walioko popote duniani. Fomu ikauliza jina la dola. Kimeli akajaza jina la kaunti ndogo, na kwa kuwa lilijazwa kwenye fomu, jambo likawa la serikali. Waliporudi, idara iliundwa, mlango ukapakwa rangi, na Molly Aoko, karani wa masjala, akapandishwa kuwa Kaimu Mkuu wa Meli kwa sababu ndiye pekee aliyejua kucheza.

Kimeli alieleza sera yake barazani, mbele ya ofisi.

"Kati ya sayari zetu na maadui kuna njia moja nyembamba. Inaitwa Upenyo wa Saba. Ukishika upenyo, huna haja ya kulinda boma moja moja. Unafunga pale, unalala."

Mama mmoja akasimama, akasalimu kwa lugha ya nyumbani. Alikuwa Tecla Chepkosgei, mkulima wa chai kutoka ng'ambo ya mto.

"Chamgei, Mkurugenzi. Mimi sina neno na sayari. Mimi nauliza daraja. Ilienda na maji Aprili. Lori ya majani inabaki upande huu, sisi tunazunguka na gunia kwa mgongo mpaka karibu na Roret. Tukifika tunangoja kupimiwa mpaka jioni, na majani imechomeka, imekuwa nyekundu, karani anasema mwaga. Jana nimemwaga yote. Sasa watoto nitawaambia wakule sayari?"

Watu walicheka. Kimeli akatabasamu vile walivyofundishwa kwenye semina.

"Mama Tecla, hebu nikuulize. Adui akitaka kuvamia kwenu, atapitia wapi?"

"Adui gani?"

"Yeyote."

"Si hakuna daraja."

"Umejibu mwenyewe! Nyinyi ndio mmelindwa kuliko watu wote wa kaunti ndogo hii."

Kwenye kumbukumbu za mkutano, daraja lililobomoka liliandikwa kuwa Upenyo Uliokamilika, na likaondolewa kwenye orodha ya matengenezo.

Tecla hakukubali kushindwa. Kila Jumatatu alikuja na barua ndani ya mfuko wa plastiki, akaketi kwenye benchi nje ya mlango uliopakwa rangi. Jumatatu ya tatu Molly alimwonea huruma, akamwekea kitu kwenye simu apitishie wakati. Kimeli aliviona vichwa viwili vimeinamia ile simu, naye akaridhika. Mwananchi mwenye shughuli hasumbui.

Adui alishambulia Alhamisi, Kimeli akiwa Naivasha kwenye warsha ya uongozi. Kwa amri yake mwenyewe, hakuna meli iliyoruhusiwa kupiga bila sahihi yake. Molly akapiga simu.

"Boss, wamefika upenyo. Meli kama mia mbili. Nipige?"

"Umejaza fomu?"

"Fomu iko. Sahihi ndio haiko."

"Basi waambie wangoje."

"Akina nani?"

"Maadui!"

Maadui hawakungoja. Ilipofika saa kumi, Upenyo wa Saba ulikuwa mikononi mwa dola lililojiita Majani Mawili na Chipukizi. Ripoti ya ujasusi ilisema kwamba jeshi hili hupigana kuanzia saa saba mchana mpaka jioni, halipigani Jumapili asubuhi, na saa za kukama hutulia kabisa. Kimeli, ambaye amelelewa kwenye shamba la chai na amechuma majani mawili na chipukizi tangu akiwa na miaka sita, aliporudi ofisini aliisoma ripoti hiyo mara mbili.

"Nidhamu kama hii si ya hapa," akasema. "Hawa ni watu wa ng'ambo."

"Ng'ambo kabisa," Molly akakubali.

Ndipo ujumbe ukaingia kwenye skrini: "Tumeshika upenyo wenu. Hakuna meli itatoka. Tunataka daraja ya mto, ya simiti, ile inaweza lori. Tukiona lori imevuka, tunatoka."

Kimeli aliusoma kwa heshima. Barua za Tecla zilisema maneno hayo hayo, lakini hizo zilikuwa kwenye faili. Tena mambo yalikuwa yamembana: baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, Mkubwa kutoka makao makuu angekuja kuonyeshwa sayari, na mtu aliyeshindwa kulinda sayari hapandishwi cheo. Kikao cha dharura kiliitwa. "Mwananchi akiomba daraja, hayo ni malalamiko," Kimeli aliwaeleza wenzake. "Dola likidai daraja, hiyo ni diplomasia." Wote wakaafiki. Mkataba ulitiwa sahihi, saruji ikapatikana ghalani ilikokuwa tangu Mei, na mafundi wakapiga kazi hata Jumapili. Daraja lililoshindikana kwa miezi saba lilikamilika kwa siku kumi na mbili.

Ijumaa ikafika. Mkubwa alikuwa ameketi mbele ya skrini, sambusa mkononi. Lori lilikuwa limevuka tangu asubuhi, lakini upenyo ulikuwa bado umefungwa.

"Mbona hawatoki?" Kimeli akamnong'oneza Molly. "Hawa wageni hawana uaminifu?"

"Boss, si wageni. Ni wamama wa majani. Mkubwa wao ni Mama Tecla."

Kimeli akamvuta kando ya skrini. "Umejua lini?"

"Tangu mwanzo. Lakini wewe uliniuliza tu idadi ya meli."

Alitoka mbio, suti na yote, akateremka mpaka mtoni. Tecla alikuwa katikati ya daraja jipya na wenzake, wakilisindikiza lori la kwanza lililorudi limejaa. Majani yalikuwa mabichi, hakuna hata gunia moja lililokataliwa, na mama huyo alikuwa na furaha isiyofichika.

"Mama Tecla! Lori imevuka! Tokeni kwa upenyo!"

"Upenyo gani?"

"Wa angani! Tuliandikiana mkataba!"

"Aaa, ile mchezo?" Tecla akacheka. "Nilitoa kwa simu asubuhi, lori ikivuka. Sisi wote tumetoa. Ilikuwa inakula chaji, na tulikuwa tunacheza tu juu ya kungoja kupimiwa. Sasa nani anangoja?"

"Meli zenu bado zimefunga huko! Na sayari je?"

"Si ziko tu huko juu? Nani atazikula?"

Simu ya Kimeli ikaanza kuita. Alikuwa Mkubwa. Kimeli akabaki amesimama katikati ya daraja, akiitazama kama mtu aliyeshika kaa la moto. Nyuma ya wamama, lori likapiga honi. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Wewe mzee wa tai! Toka kwa daraja, umefunga njia! Majani inachomeka!"

Wamama wakajibana kwenye ukuta wa daraja, wakaujaza, Kimeli akakosa pa kujibana: daraja lilikuwa la gari moja, kama lilivyochorwa kwenye mpango aliotia sahihi yeye mwenyewe. Akageuka, akatembea mbele ya lori kurudi alikotoka, huku honi ikimhimiza na simu ikiita mkononi.