Jagi la Kiingereza na Macho ya Cyprian

Jumapili, 9 Novemba 2025

Nimelipata! Jagi la mfinyanzi Mwingereza, la miaka ya hamsini, soko la mitumba kitongoji cha Märsta. Rangi ya majivu, tumbo kama la mkuu wa mkoa. Karibu na kitako, muhuri wa mfinyanzi, mdogo kama ukucha wa mtoto. Muuzaji hakujua kitu. Mimi nilishajua nikiwa bado kwenye treni. Jumamosi chama chetu cha wapenda vyungu kina maonyesho maktaba. Rafu ya katikati ni yangu!

Jumanne, 11 Novemba

Cyprian, mwenzangu wa chama, katoka kwake mtaa wa Rågsved, eti kunisalimia. Mtu mwenye vyungu kumi na vinne vya Kiingereza hasalimii bure. Kaniita kaka mkubwa mara tatu. Kisha akaligeuza jagi, akatazama muhuri, akasema hongera. Hongera ya nini? Anaukariri! Atauchonga kwenye takataka zake.

Alhamisi, 13 Novemba

Dawa ni msasa. Nimejifungia chumba cha kufulia cha jengo, zamu yetu ya saa nane mchana, nikausugua muhuri mpaka ukaisha. Aje sasa akariri! Mke wangu Clementina kauliza mbona nguo hazijafuliwa, na zamu nyingine ni wiki ijayo. Nikasema nilikuwa na kazi ya kitaalamu. Akasema basi Jumapili niuvae huo utaalamu kanisani.

Jumamosi, 15 Novemba

Theresia, mwenyekiti wetu, kaligeuza jagi. Kauliza muhuri uko wapi. Nikasema uko salama, hakuna atakayeuiba. Ukumbi mzima ukacheka. Cyprian hakucheka. Kajitokeza kuapa kwamba Jumanne aliuona kwa macho yake, na ulikuwa wa kweli. Theresia akamjibu kuwa kiapo hakiwekwi rafuni. Rafu ya katikati kapewa Cyprian. Jagi langu likapelekwa meza ya kahawa. Watu walijimiminia maziwa!

Jumapili, 16 Novemba

Nimeng'amua. Mbona Cyprian alinitetea? Anayekutetea ana lake! Alijua nitasugua, ndiyo maana akanipa ile hongera. Na Theresia yumo. Sasa Cyprian kasema Jumatano atapita kunifariji. Anafuata lile birika langu la Kiingereza, ambalo muhuri wake bado upo. Hataukuta.

Clementina kauficha msasa. Hakuna neno. Jirani ana tupa ya kusugulia chuma.