Mwavuli wa Mbwa wa Kapteni

"Serikali inawatangazia wakazi wote wa mji wa Saltpond, hasa wale wasiozidi miaka kumi na miwili, kwamba kuanzia Jumatatu watatambulishwa rasmi kwa utamaduni wao."

Hayo yalikuwa maneno ya Bwana Ebo Dadzie-Mills, Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Kuwatambulisha Watoto kwa Mababu Zao, na sisi wanakamati tukapiga makofi. Mimi niliteuliwa kuwakilisha wajane. Namshukuru Mungu kwa heshima hiyo, na kwa soda.

Ni kweli, watoto wetu hawakuwa na utamaduni. Walikuwa wakiruka mchezo wa ampe uwanjani, wakila kenkey ya unga wa mahindi na samaki, wakiamkia wakubwa, wakiimba misibani hadi sauti zinakauka. Mkurugenzi alifafanua kwamba hayo ni mazoea tu. Utamaduni wenyewe ulikuwa Ulaya, ndani ya masanduku, umepigwa picha na maofisa wa kikoloni, na sasa tumeuazima.

Picha zikatundikwa kwenye ukumbi wa shule. Nilipofika ya nne, nikasogea karibu. Msichana mwembamba amesimama juani, ameshika mwavuli. Chini ya mwavuli ameketi mbwa. Maelezo yalisema: "Msichana wa pwani akimkinga jua Rex, mbwa wa Kapteni."

Kwetu mwavuli mkubwa hufunguliwa juu ya chifu. Marehemu mama yangu, Araba Mansa, alitusimulia mara nyingi siku aliyomfungulia mbwa. Alikuwa mcheshi, lakini akifika hapo hakucheka.

"Mheshimiwa," nikasema, "huyu ni mama yangu. Naomba aandikwe jina."

"Hongera sana, Mama Ekua! Ila hii ni hati ya kihistoria. Kwa Kanuni ya Saba, jina huongezwa endapo tu aliyepiga picha atathibitisha kwa sahihi yake."

"Kapteni aliyeipiga alishakufa."

"Basi tuvute subira."

"Tumngoje afufuke?"

"Kamati haina msimamo kuhusu ufufuo."

Mimi ninao.

Mjukuu wangu Efuwa, aliyekuwa amening'inia kwenye kanga yangu, akauliza, "Bibi, kwa hiyo mbwa ana jina, mama yako hana?"

"Taarifa za mbwa zilikamilika, mwanangu," Mkurugenzi akamjibu kwa upole.

Likafuata somo la vitendo: watoto wapige picha kwa kufuata mtindo wa maofisa wale, kisha waandike maelezo. Zamu ya Efuwa iliangukia siku ya mazoezi ya uzinduzi wa maonyesho. Jua lilikuwa la kuchoma.

"Mama Ekua, hebu nishikie mwavuli," Mkurugenzi akaniambia. "Kiongozi hapaswi kuiva mbele ya wananchi."

Nikamshikia. Bingo, mbwa wa mlinzi, naye si mjinga, akaja akaketi kivulini. Efuwa akapiga.

Siku ya uzinduzi Waziri alipita ukutani akisoma maelezo kwa sauti, kila neno, kama anayefungua mkutano. Akafika kwenye picha ya mwisho.

"'Bibi Ekua Otuwa akimkinga jua Bingo, mbwa wa mlinzi. Pembeni ni mwanamume wa pwani, aina ya wanene.'" Akasogeza miwani. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Mheshimiwa Waziri!" Mkurugenzi akadakia.

"Mbona hukuandikwa jina?"

Mlangoni mwanamke mmoja muuza samaki akapaza sauti, "Aina ya wanene! Wee, hao wamejaa kule ofisini!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mkurugenzi akamwinamia Efuwa. "Mwanangu, si unanijua mimi?"

"Nakujua, bwana."

"Basi andika jina langu, upesi."

"Kanuni ya Saba, bwana. Mpaka aliyepiga picha atie sahihi."

"Aliyepiga si wewe?"

"Ni mimi. Na niko hai." Akaitazama picha ya nne. "Ila namngoja Kapteni atie yake kwanza. Yeye mkubwa."

Waziri akatazama saa yake, kisha akamtazama Mkurugenzi. Kanuni ya Saba ikafutwa palepale, bila kikao, bila soda.

Mkurugenzi mwenyewe akachukua kalamu, akapiga goti chini ya picha ya nne, nami nikamtajia herufi moja moja: Araba Mansa. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Akainua macho kuutazama mwavuli uleule wa siku ya mazoezi, niliokuwa nao mkononi.

Nikaufungua. Nikamfunika mama.