Yale Maandishi ya Kijivu

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Nimepanda tena kile kilima kusoma kipimamvua. Ngazi mia mbili na kumi na nne, na koti linalovuja mgongoni! Miaka kumi na moja nimeajiriwa kuchungulia maji yaliyomo koponi. Shemeji, kaka wa mke wangu, naye ni mpimaji hapa hapa kituoni, tunapanda kwa zamu, wiki yangu, wiki yake. Yeye hupanda akipiga mluzi. Mtu wa namna hiyo utamwamini vipi?

Habari kubwa: Mkuu wa kituo anastaafu. Ijumaa anakuja Mkaguzi kutoka makao makuu kuchagua mmoja wetu. Atakayechaguliwa atakaa ofisini, kilima asikione tena. Mkuu kasema wataangalia majedwali, nani kaandika vipimo vyake bila kuruka siku. Februari yangu ina mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba.

Lakini akili ninayo. Kwenye kompyuta yangu bado ipo ile programu ya waandika programu, niliyoiweka nilipotaka kuwa mtaalamu kwa wiki mbili. Leo nimeichomekea programu-jalizi mbili. Moja inafungua jedwali la kituo humo humo, safu na mistari yote. Ya pili inakisia unachotaka kuandika, inakuwekea kwa maandishi ya kijivu. Ukiridhika unabonyeza kitufe cha Tab, kijivu kinakuwa cheusi. Basi! Nimebonyeza, nimebonyeza, Februari imejaa. Kazi ya mwezi imekwisha kabla chai haijapoa.

Jumanne, 4 Machi
Sikupanda. Nimefungua mstari wa leo, kijivu kikasema milimita 12.4. Tab. Saa tatu na nusu Shemeji akaingia ameloa chapachapa. Kasema aliona nimechoka jana, akaona anisaidie zamu yangu. Kiherehere! Kasema kopo lina milimita 12.4. Nikamjibu kwamba najua. Akaniangalia sana.

Nikajaribu mstari wa kesho. Kijivu: 0.0. Nje wingu jeusi, mvua inapiga bati hatusikilizani. Tab. Mvua ikakatika hapo hapo, kama mtu kafunga bomba. Sikuogopa. Nilisogeza tu kiti mbali na meza.

Jumatano, 5 Machi
Kavu, kama ilivyoandikwa. Leo kijivu kimehamia safu ya Maoni, ile tunayoandika ukungu au upepo mkali. Kimesema: Ndege hawakulia. Nikabonyeza kwa mazoea. Nikafungua dirisha. Kimya. Mke wangu kapiga simu kusema jogoo wa jirani kasimama ukutani, anapanua mdomo, sauti haitoki. Kaniuliza kama ni mambo ya hali ya hewa. Nimemwambia ni mgandamizo wa hewa. Mgandamizo wa hewa hujibu maswali mengi.

Kisha: Shemeji ameteleza ngazi ya tisa. Neno shemeji sijapata kuliandika kwenye jedwali hilo. Naapa sikukusudia! Kidole kilitangulia. Baada ya robo saa Mkuu kamleta amemshika bega, kifundo kimevimba. Shemeji kasema hakuteleza hasa. Alihisi kitu kama kidole kimembonyeza mgongoni, mara moja tu.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji yuko kwenye sofa letu, mguu juu ya mto. Mke wangu kanuna. Kasema kaka yake anapanda zamu zangu huku mimi nakenua meno mbele ya kompyuta. Nimeona haya, kweli kabisa. Nimempelekea Shemeji chai. Kanishukuru, kasema hata nikipata ukuu mimi, kwake ni sawa. Anajifanya mwema ili niumie.

Ofisini sikuwa nimegusa kitu. Kijivu kilikuwa tayari kinanisubiri: Mpimaji amebaki peke yake kituoni. Peke yake! Bila mshindani! Nikabonyeza mara mbili, kwa uhakika.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeamka nikakuta upande wa pili wa kitanda umetandikwa. Sofa tupu, bandeji imekunjwa vizuri juu ya mto. Dukani birika linachemka, mwenye duka hayupo. Barabara nzima, milango wazi, hakuna mtu. Nimempigia mke wangu. Simu ikalia ndani ya kabati letu, chini ya nguo zake. Ya Shemeji ikalia humo humo. Nimelia. Sitaki kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe, nimekaa chini nikalia, nikimwita mke wangu mpaka sauti ikakauka.

Kisha nimekwenda kituoni nikakalia kiti cha Mkuu. Kizuri. Dakika kumi nilikuwa na furaha.

Nikaandika kwenye jedwali kwa mkono wangu: Wote wamerudi. Hakurudi mtu. Ninayoandika mwenyewe hayana nguvu. Ila mbele ya maneno yangu kijivu kikajitokeza, kikamalizia: na mmoja zaidi. Nikafuta, nikaandika upya. Na mmoja zaidi. Mara sita! Nikawaza, mtu mmoja ana uzito gani? Namtaka mke wangu. Tab.

Jumamosi, 8 Machi
Wamerudi! Mke wangu kaniuliza mbona macho mekundu. Nimemkumbatia mpaka kasema namuumiza. Shemeji anatembea, kifundo kimepona. Mkaguzi kafika, kaomba radhi, hawezi kueleza Ijumaa yake ilipotelea wapi. Kalisifu jedwali langu, hasa Februari! Barua atatoa Jumatatu.

Huyo wa ziada simwoni. Nimehesabu ofisini, nimehesabu nyumbani. Hesabu inalingana. Ila mke wangu mezani kaweka vikombe vinne, nasi tuko watatu, na cha nne kimenywewa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwona. Kakaa kwenye meza yangu, kavaa koti langu. Uso sijauona vizuri, ila kisogo nakifahamu. Nimesalimia, hakuna aliyeitikia. Wivu! Mkaguzi kampa yeye mkono, kampa barua yenye jina langu, bila shaka ili anifikishie. Shemeji kamkumbatia, kamwita shemeji. Mke wangu kamletea chakula cha mchana, kampangusa bega. Ukarimu umezidi, nitamsema nyumbani. Nilimshika mkono, akajifunga kanga vizuri, akasema leo kuna baridi.

Mgeni peke yake ana adabu. Wote walipotoka kagundua niko mlangoni, kanigeuzia kioo cha kompyuta, kanisogezea kibodi, kisha kakunja mikono. Kijivu kinasema: Nafasi iko moja tu. Mwingine ameondoka.

Maskini, nimemhurumia kidogo. Angejua kusoma majedwali asingeniachia kibodi. Ukuu wangu, meza yangu, mke wangu, vyote vinarudi kwa kitufe kimoja, na hata jasho sijatoka. Naandika haya upesi, maana anasubiri na mimi sipendi kumchelewesha mtu. Kidole kiko tayari