Sahani ya Tonton na Mukono ya Kushoto

Wanangu, leo haya imenikamata ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na wageni wamekaa wanangojea chakula.

Munamujua Bibiche, mutoto wa marehemu binti yangu, mimi koko yake, bibi yake. Ule anayecheza boksi. (Ndiyo, mutoto mwanamuke. Mwenye swali aende kumuuliza yeye mwenyewe, kama meno yake haina kazi.) Jumamosi anapigana na binti mumoja wa Bafwasende, na ule binti anapiga na kushoto. Hapo njo kuko hatari. Mara ya mwisho Bibiche alikutana na mutu wa kushoto, alianguka mapema. Miguu yao ya mbele iligongana kama watu wawili wanaoingia mulango mumoja, na ngumi ikatoka fasi ambayo hakuitazamia.

Kocha alinieleza: "Koko, dawa ni kuzoea. Mwenzake akitosha kushoto, akiirusha, Bibiche aipangue, muguu itoke inje, halafu arudishe na kulia."

"Basi mutafutie mutu wa kushoto."

"Wapi, koko? Ku kilabu hakuna hata mumoja. Wote muliwachapa ku nyumba wakingali wadogo, juu ya kula na kushoto."

Iko kweli. Kwetu mutu akikupa kitu na kushoto, amekutukana. Tuliwaondolea watoto ile mukono, na sasa tunazunguka muji tunaitafuta.

Bon, nikasema, kushoto hata mimi niko nayo. Toka siku ile nilifanya yote na kushoto. Mwiko, fagio, kitambaa ya vyombo: ikitokea tu, Bibiche aipangue na atoke pembeni. Mwanzo nilimugonga kila saa. (Vikombe viwili vilikufa ku ile vita. Muviombee.) Halafu akaanza kuniwahi.

Leo sasa. Tonton Faustin, kaka mukubwa wa marehemu baba ya Bibiche, alikuja na muke wake kutoka Bangboka. Kwetu mutoto ni wa upande wa baba. Yeye akikataa, Jumamosi Bibiche hapandi ulingoni. Na alikuwa amenitumia neno: boksi inamuondolea binti adabu, anakuja kujionea mwenyewe. Alivaa shemishi nyeupe, imepigwa pasi mupaka inakata.

Asubuhi nilimukalisha Bibiche.

"Leo uwe maji ya mutungi. Piga magoti ukiwanawisha. Usijibu haraka."

"Ndiyo, koko."

"Na usitembee kama unaenda kupiga mutu."

"Koko, njo namna yangu ya kutembea."

"Leo tembea namna ya mama yako."

Na alitembea vile. Alipiga magoti, akawanawisha, akasalimia na sauti ya chini. Tonton aliitika na kichwa. Moyo yangu ikatulia, na hapo njo nilipotea. Nilikamata sahani, lituma, ndizi ya kuponda, na samaki wa mawese, imejaa mupaka ukingoni, nikainyoosha kwa Tonton. Na mukono gani? Musiniulize.

Bibiche alikuwa amesimama pale karibu na birika ya maji. Hata hakufikiri. Muguu inje, paf ku mukono yangu. Samaki aliruka akamufikia Tonton kifuani, kichwa mbele, kama ndugu waliopotezana. Mawese ikashuka shemishi polepole mupaka mukanda. Ngumi ya kulia ya Bibiche ilisimama mbele ya pua yangu. (Asante Mungu, alikumbuka kwamba ni mimi.)

Halafu mutoto akaanza kulia. "Koko, ulitoa kushoto."

Mimi. Mwenye kufundisha adabu toka asubuhi, nimemupa mugeni chakula na mukono ya choo.

Tonton aliondoa mufupa ku mufuko ya shemishi. "Mama, nani alimufundisha hii?"

Ningeweza kumutaja kocha. "Ni mimi, papa."

"Na ule wa Jumamosi anapiga na kushoto?"

"Na kushoto."

Akasimama, mafuta inadondoka, akatosha kushoto yake ghafla. Paf. Bibiche, na machozi yake, aliipangua. Akatosha tena. Paf.

Muke wake alisema, "Papa Faustin, kaa. Unaniaibisha."

"Ngoja kwanza. Niko nafanya kazi ya familia."

Akajaribu mara moja tena, akapanguliwa, akakaa anajisugua mukono. "Binti aliyeharibika hapigi magoti vile," akasema. "Jumamosi nitakuja kumuangalia. Lakini chakula, nitakula kwangu kwanza."

Saa hii nimetoka kufua ile shemishi. Mawese haitoki. Ninaangalia kushoto yangu: maisha yote niliificha mbele ya wageni, na siku iliyojitokeza, imenivua nguo na kumufungulia mutoto njia, yote ku sahani moja.

Basi musinicheke. Na mwenye kunitembelea kabla ya Jumamosi, ajipakulie mwenyewe.